Kalamu Nyekundu na Kosa la Upatanisho

Wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Sisi walimu tumeipenda sana methali hii, na aghalabu huitaja siku ya kurudisha madaftari yaliyosahihishwa. Methali ni ya kweli katika mwenendo wa watu, lakini haitoshi katika darasa la lugha. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni hurudia kosa lile lile mara ishirini, wala si kwa ukaidi au uvivu. Hulirudia kwa sababu kosa hilo lina sheria yake, na sheria hiyo hajaonyeshwa. Katika makala hii twataka kuhakiki namna makosa ya upatanisho yanavyosahihishwa katika Kiingereza cha wanafunzi wa Kigali, kisha tujitazame sisi wenyewe tunaofundisha Kiswahili katika mji huo huo.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na sarufi ya Kiingereza. Haja ipo. Mtoto anayetoka katika kipindi cha Kiingereza ndiye huyo huyo anayeingia katika kipindi chetu, na madaftari yake yote mawili hukaa katika mkoba mmoja. Lugha aliyoinyonya ni Kinyarwanda, nayo ni ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa lugha za Kibantu. Yanayomtatiza kule yana mzizi mmoja na yanayomtatiza huku. Tena sisi tunacho kitu ambacho mwenzetu wa Kiingereza huenda hanacho: twajua upatanisho ni nini, kwa kuwa ndio uti wa mgongo wa lugha tunayoifundisha.

Hali ya walimu na wanafunzi

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, yafaa tukumbuke njia iliyopitwa. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilizitaja lugha tatu rasmi: Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwezi wa Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na mwaka 2009 kazi ikaanza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi yalirudi kufundishwa kwa Kinyarwanda. Mwezi wa Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Katikati ya hayo, mwaka 2017, Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi, kikawa cha nne.

Tafakari basi hali ya mwalimu aliyesoma hesabu na jiografia kwa Kifaransa, akafundisha kwa Kifaransa miaka kumi au kumi na mitano, kisha akatakiwa afundishe kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijifunza wakati wa likizo. Huyo ndiye aliyekabidhiwa kalamu nyekundu. Mwenziwe wa chumba cha pili huenda alikulia Uganda au Tanzania, akarudi nchini baada ya mwaka 1994, na Kiingereza chake ni cha huko alikosoma. Mwanafunzi mmoja husahihishwa na wote wawili. Anachokipata kwa mmoja ni mkwaju mwekundu, na kwa mwingine ni kicheko. Maelezo huyapata kwa nadra.

Sentensi nne

Tuchukue mfano. Aya ifuatayo tumeitunga sisi wenyewe kwa kufuata yale tunayoyaona katika madaftari, ili tusimtaje mwanafunzi wala shule yoyote:

"My father have three cows. Every morning the cows goes to the valley. The news from the market are good. The price of the beans have gone up."

Yaani: baba yangu ana ng'ombe watatu, kila asubuhi ng'ombe huenda bondeni, habari za sokoni ni njema, bei ya maharage imepanda. Katika kila sentensi kitenzi kimekosana na kiima chake. Wastadi wa Kiingereza watasema yapasa kuwa "has", "go", "is" na tena "has". Mwalimu wa kawaida atapiga mistari minne inayofanana, ataandika pembeni neno moja linalofanana, yaani "upatanisho", na atatoa alama nne. Daftari litarudishwa. Juma lijalo makosa manne yatarudi pia, na hapo ndipo methali yetu itakapotajwa.

Tukilihakiki daftari hilo kama tunavyohakiki kitabu, twaona kwamba lina waandishi wawili, mwanafunzi na msahihishaji, na kwamba aliyeandika bila kufikiri ni huyu wa pili. Makosa yale manne hayana chanzo kimoja. Yametoka katika vyanzo vinne mbalimbali, na dawa zake ni nne. Kuyapa jina moja ni sawa na mganga anayeandika "homa" kwa kila mgonjwa anayeingia.

Sentensi ya kwanza ni "My father have". Je, mtoto huyu hajui kwamba kitenzi hufuata kiima? Ajua sana. Katika Kinyarwanda atasema "mfite, ufite, afite, dufite, mufite, bafite", nafsi sita kwa viambishi sita, wala hatakosea hata kama umemwamsha usingizini. Data "afite" inka eshatu. Lakini alama yote hiyo imekaa mwanzoni mwa kitenzi, na huko ndiko sikio lake lilikozoea kutazamia. Kiingereza kimeziacha nafsi tano bila alama katika wakati uliopo, kikaitia alama nafsi moja tu, ya tatu umoja, na alama yenyewe kimeitupa mwishoni mwa neno. Mtoto anatazama mlango wa mbele, ilhali mgeni ameingia kwa mlango wa nyuma.

Tena jambo hili si gumu kwa Wanyarwanda peke yao. Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza jinsi watoto watatu wa Kimarekani walivyojifunza lugha ya mama zao. Herufi "s" ya wingi wa majina waliipata mapema, lakini "s" ya kitenzi ilichelewa sana, ingawa kwa sauti ni ile ile. Basi ugumu haukuwa kinywani. Ulikuwa katika kazi ndogo ifanywayo na herufi hiyo. Ikiwa mtoto wa Kimarekani huchelewa, mtoto wa Kigali amekosa nini akichelewa?

Sentensi ya pili, "the cows goes", ndiyo iliyotufundisha zaidi, na twaomba msomaji avumilie tuieleze kwa kituo. Katika Kinyarwanda twasema "ibitabo byanjye bitatu byatakaye", na katika Kiswahili "vitabu vyangu vitatu vimepotea". Sikiliza jinsi sauti moja inavyotoka katika jina ikapita katika kimilikishi, katika idadi na katika kitenzi. Kitabu kikiwa kimoja, mfululizo mzima hubadilika: "igitabo cyanjye kimwe cyatakaye", "kitabu changu kimoja kimepotea". Mtoto aliyelelewa katika sheria hii huletewa Kiingereza, naye huambiwa: katika lugha hii wingi huonyeshwa kwa "s". Anaiona juu ya "cows". Basi anafanya alichofunzwa na mama yake: anaichukua alama ya jina na kuipeleka mpaka kwenye kitenzi. "Cows" na "goes" vimepatana kama "vitabu" na "vimepotea".

Kwa hiyo kosa hili haliwezi kuitwa kutojua upatanisho. Mtoto ameufuata upatanisho kwa utiifu mkubwa katika lugha isiyoufuata kwa namna hiyo. Katika Kiingereza herufi ile ile ikikaa juu ya jina humaanisha wengi, na ikikaa juu ya kitenzi humaanisha mmoja. Kwa hiyo katika sentensi za kawaida "s" hukaa mahali pamoja tu, katika jina au katika kitenzi. Ni mpango wa ajabu kwa yeyote aliyezoea lugha zetu, na mwalimu asiyeuona ajabu yake hawezi kuueleza. Akiandika "upatanisho" pembeni mwa sentensi hiyo, anamwambia mtoto afanye lile lile alilokwisha kulifanya.

Sentensi ya tatu ni "the news are good". Mjini Kigali watu wakikutana huulizana "amakuru?", na jibu ni "ni meza". Jina hilo huchukua upatanisho wa ama-, kama majina mengi ya wingi. Waswahili tunaulizana "habari zako?", wala si "habari yako?" peke yake. Kifaransa nacho huziweka habari katika wingi. Lugha tatu kati ya nne alizonazo mtoto huyu zinamwambia kwamba habari zaweza kuwa nyingi. Kiingereza peke yake kina jina lenye "s" mwishoni, linalofanana kabisa na wingi, lakini hutaka kitenzi cha umoja. Upande mwingine, neno "police" halina "s" yoyote, nalo hutaka kitenzi cha wingi, ilhali Kifaransa hulifanya umoja. Hapa hakuna kanuni ya kueleza. Maneno haya hukaririwa mmoja mmoja, kama mtu anavyokariri majina ya wakwe zake. Mwalimu mwema atawapa wanafunzi orodha fupi na kuwaambia wazi kwamba hapa lugha imekwenda kombo, wala si wao.

Sentensi ya nne ni "the price of the beans have gone up". Huyu ajua kanuni. Ameandika "price" katika umoja, akaendelea, akafika "beans", na kitenzi kikashikwa na jina lililo karibu. Waingereza wenyewe hufanya hivyo wakiandika kwa haraka. Sisi nasi husema katika hotuba "bei ya vitabu vimepanda", tukaendelea bila kutambua. Hapa hapahitaji somo, ila kumrudisha mwandishi asome tena sentensi yake kwa sauti.

Kusahihisha au kuacha

Wataalamu walilishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1967 S. P. Corder aliandika makala iliyotenganisha mtelezo wa mtu anayejua kanuni na kosa litokalo katika sarufi ambayo mwanafunzi amejijengea akilini. Mtelezo, kama ule wa bei ya maharage, hausemi mengi. Kosa la pili ni habari muhimu kwa mwalimu, maana humwonyesha mwanafunzi amefika wapi. Fikra hii imetusaidia sana, na yatuonea haya kwamba baada ya zaidi ya nusu karne bado haijafika katika kalamu zetu.

Mwaka 1996 John Truscott alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakufai kitu, tena kwaweza kuwadhuru, na kwamba yafaa kuachwa. Mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba hukumu hiyo ilitolewa mapema mno, na kwamba usahihishaji uliochaguliwa vizuri na kueleweka waweza kuwafaa wanafunzi. Ubishi huo haukuishia hapo.

Sisi hatukubaliani na Truscott, lakini twamshukuru. Ametulazimisha tuulize kalamu nyekundu inafanya kazi gani. Twajua hasara yake, kwa kuwa tumeiona. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika kurasa mbili juu ya safari ya kwa bibi yake, baada ya madaftari matatu yaliyojaa wekundu, huandika mistari sita, na kila mstari huanza kwa "I". Amegundua kwamba nafsi ya kwanza haina "s", kwa hiyo huko yuko salama. Baba, ng'ombe, soko na bibi wametoweka katika insha zake. Makosa yamepungua, alama zimepanda, na mwalimu anaandika "vizuri sana". Kwetu sisi hiyo ni hasara tupu, kwa kuwa mtoto amenunua usahihi kwa kunyamaza.

Lakini kuacha kusahihisha nako si huruma. Mtihani wa taifa hauulizi mtoto alizaliwa na lugha gani. Barua ya kuomba kazi katika ofisi ya Kigali husomwa na mtu ambaye, akiona "I has", huiweka kando bila kuendelea. Mwana wa tajiri atasahihishwa nyumbani. Mwana wa mkulima atasahihishwa shuleni au hatasahihishwa kabisa. Kumwachia makosa yake kwa jina la upole ni kumnyima kitu ambacho wengine wanacho. Basi swali la kusahihisha au kutosahihisha limekwisha. Swali letu ni kusahihisha lipi, lini, na kwa msaada wa lugha ipi.

Kondoo aliyepotea

Vitabu vingi vya mazoezi huanza upatanisho kwa sentensi kama "The teacher teaches", na mwanafunzi hutakiwa ajaze nafasi: "is" au "are", "go" au "goes". Tumeona wanafunzi wakipata kumi kwa kumi katika zoezi hilo, kisha wakakosea katika insha ya siku hiyo hiyo. Sababu ni nyepesi. Katika zoezi mtoto hufikiri jambo moja tu. Katika insha hufikiri mambo kumi, na herufi moja isiyobeba maana ndiyo ya kwanza kudondoka. Ukisema "the teacher teach", kila mtu amekuelewa, kwa kuwa jina lenyewe limekwisha kusema kwamba mwalimu ni mmoja. Mtoto huiona "s" ile kuwa urembo, na kwa kiasi fulani ana haki.

Twapendekeza tuanze mahali ambapo upatanisho unafanya kazi ya kweli. Kiingereza kina jina "sheep", ambalo ni kondoo mmoja na ni kondoo wengi pia. Kwa bahati njema Kinyarwanda na Kiswahili hufanya hivyo hivyo katika mnyama huyo huyo. Ziandikwe ubaoni jozi tatu:

"Intama yatakaye" na "intama zatakaye".

"Kondoo amepotea" na "kondoo wamepotea".

"The sheep is lost" na "the sheep are lost".

Kisha mwalimu aulize: mwenye zizi akipokea ujumbe huu, atatafuta kondoo wangapi? Jina halimwambii. Kitenzi peke yake ndicho kinachomwambia, na katika lugha zote tatu. Hapo mtoto huona kwamba "is" na "are" zafanya kazi ile ile ya "ya-" na "za-" alizozijua tangu utotoni. Upatanisho wa Kiingereza unakuwa kitu alicho nacho tayari, tena Kinyarwanda chake kinakuwa tajiri na Kiingereza kinakuwa maskini, wala si kinyume chake.

Baada ya hapo kazi nyingine huwa nyepesi. Mwalimu aweza kuonyesha kwamba "kitabu na kalamu vimepotea", na katika Kinyarwanda "igitabo n'ikaramu byatakaye": vitu viwili vya ngeli mbili vikiunganishwa hutafutiwa upatanisho wa pamoja. Kiingereza nacho hutaka wingi, "the book and the pen are lost". Aweza kuonyesha kwamba "buri muntu afite" na "kila mtu ana" ni umoja ingawa watu ni wengi, na kwamba "everybody has" ni vivyo hivyo. Haya mtoto ameyapata bila kutoa jasho. Yabaki sasa yale yasiyo na ndugu katika lugha zake, yaani "s" iliyo peke yake katika nafsi ya tatu, na maneno machache yaliyokwenda kombo. Wekundu wa kalamu uwekewe hayo.

Nayo kalamu iwe na utaratibu. Kwanza, mwalimu asome insha mpaka mwisho bila kalamu mkononi, ajue mtoto amesema nini. Pili, achague aina moja ya kosa kwa kila insha, ile inayorudi mara nyingi, aiandikie sababu kwa maneno machache, na nyingine aziache zingoje zamu yake. Tatu, mtoto aandike tena sentensi zenye kosa hilo tu, azisome kwa sauti. Darasa la watoto hamsini halimpi mwalimu nafasi ya kufanya zaidi, na hata hayo ni mengi, lakini mistari arobaini ya wekundu nayo huchukua muda, tena bila faida.

Kuhusu kicheko, tuseme neno moja tu. Waingereza wenyewe hawakupatana siku zote juu ya upatanisho wao. Katika karne ya 18 wengi wao, tena watu wenye elimu, walimwambia mtu mmoja "you was", kwa kuwa mtu ni mmoja. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, aliikemea desturi hiyo katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762, na leo "you were" ndiyo sahihi hata kwa mtu mmoja. Na mashariki mwa Uingereza, sehemu za Norfolk na Suffolk, lahaja ya wenyeji husema "she go" bila "s", na hakuna anayesema kwamba wenyeji hao hawana lugha. Mtu akiyajua hayo, hatamcheka mtoto wa Nyamirambo.

Nasi tujitazame

Nyani haoni kundule. Yote tuliyomshauri mwalimu wa Kiingereza yatupasa sisi kwanza. Mwanafunzi wetu wa Kigali huandika "ng'ombe yangu imepotea", nasi hupiga mstari mwekundu na kucheka kidogo. Lakini katika Kinyarwanda ng'ombe ni "inka", naye husema "inka yanjye yatakaye", na wakiwa wengi "inka zanjye zatakaye". Kinyarwanda hupatanisha kwa umbo la jina. Kiswahili sanifu, likija jambo la viumbe wenye uhai, huacha umbo na kufuata maana: ng'ombe wangu amepotea, kifaru amelala, kijana anasoma. Mtoto ametumia sheria safi ya lugha yake, ya zamani na ya haki, mahali ambapo Kiswahili kimechukua njia nyingine.

Tena njia yetu hatuifuati mpaka mwisho. Twasema "ndugu yangu amefika". Katika sentensi hiyo moja kimilikishi kimefuata umbo, "yangu", na kitenzi kimefuata maana, "a-". Mwanafunzi akiuliza kwa nini ndugu ni "yangu" na ng'ombe ni "wangu", wangapi kati yetu wana jibu zaidi ya "ndivyo ilivyo"? Kitabu cha E. O. Ashton cha mwaka 1944 kilizipanga ngeli na viambishi vyake kwa makini, na wageni wengi walijifunza lugha yetu humo. Lakini jedwali la viambishi laonyesha kilicho sahihi tu. Halimwonyeshi Mnyarwanda ni wapi atateleza, kwa kuwa halikuandikwa kwa ajili yake.

Na kuna wale waletao Kiswahili cha mtaani, cha Nyamirambo, cha Bukavu au cha Nairobi, wasemao "kitabu yangu" na "vitu zangu". Hao kosa lao lina chanzo kingine kabisa: wamejifunza Kiswahili hai kilichopunguza viambishi ili watu wa makabila mengi waelewane sokoni. Kumpa huyu dawa ya yule wa "ng'ombe yangu" ni kuwapoteza wote wawili. Mmoja yafaa aonyeshwe kwamba uhai hushinda umbo. Mwingine yafaa aonyeshwe kwamba ngeli zipo, na kwamba darasani na katika maandishi rasmi zatakiwa, bila kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni takataka.

Kiswahili kimepewa cheo nchini Rwanda, na somo lake limo katika shule za sekondari. Cheo hakileti mapenzi. Kizazi kilichopita kilimwona mwalimu akibadilishiwa lugha mikononi, na kizazi hiki kinaona lugha nne zikigombea kichwa kimoja cha mtoto. Kiswahili kikiingia darasani kwa mistari ile ile miekundu, kitakuwa lugha nyingine ya kuogopwa. Lakini Kiswahili kwa mtoto huyu ni lugha ya jirani, na nusu ya sarufi yake amekwisha kuijua kabla hajafungua kitabu. Ni juu yetu kumwambia hivyo.

Twawaomba walimu wenzetu wajaribu jambo moja muhula ujao. Kabla ya kutoa alama, chukueni madaftari kumi tu, mwandike makosa yote ya upatanisho katika karatasi moja, na mbele ya kila kosa mwandike limetoka wapi: katika Kinyarwanda, katika Kifaransa, katika Kiswahili cha mtaani, au katika haraka ya mwandishi. Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wa shule moja wakae pamoja na karatasi hizo kwa saa moja. Tunaamini watagundua kwamba wamekuwa wakisahihisha kosa moja kwa majina mawili, na makosa manne kwa jina moja.